Bilula Ivujayo na Mkono wa Mwenye Nyumba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu yangu msomaji, maneno haya machache yahusu jambo ambalo huenda ukaliona dogo hatta halistahili kupigwa chapa. Nalo ni bilula ya maji ivujayo katika nyumba ya mtu, naye ajua kuwa yavuja, na asiitengeneze. Twataka kujua: je, mtu huyo ana makosa mbele ya Mola wake na mbele ya jirani zake, au huo ni uvivu tu usio na hisabu? Na je, yampasa kuitengeneza kwa mkono wake, au yatosha kumngojea fundi? Sikulichagua swali hili kwa kupenda masala madogo madogo. Lilinijia mlangoni kwangu, na kabla ya kumjibu mtu mwengine ilinilazimu kuijibu nafsi yangu.

Mimi ni mwalimu wa chuoni. Nakaa katika nyumba ya orofa mbili katika Mji wa Kale wa Mombasa. Juu nakaa mimi na ahali zangu. Chini akaa bibi mmoja mjane, mtu mzima sana, pamoja na mjukuu wake wa miaka kumi aliyefiwa na babake. Sote twatumia tangi moja lililo juu ya dari. Wakaao Mombasa waijua hali ya maji ya mfereji, kuwa hayaji kulla siku. Kwetu huja usiku mmoja katika kulla siku nne. Tangi hujaa, na kilichomo ndicho tulicho nacho mpaka yaje tena. Sisi wa juu tuna pipa letu tulijazalo usiku ule. Wa chini hawana pipa.

Mwanzo wa Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi, bilula ya jikoni kwangu ilianza kuvuja tone kwa tone. Mke wangu aliniambia siku ya kwanza, nikasema, "Nitamwita fundi." Akaniambia juma la pili, nikasema vile vile. Juma la tatu hakuniambia tena, aliweka ndoo chini yake. Nami nilipoiona ndoo moyo wangu ulitulia, nikasema: maji hayapotei, yaoshea vyombo. Walakini usiku ndoo hujaa ikamwagika, nasi tumelala. Na kulla niliposikia tone nilikwenda nikaikaza bilula kwa nguvu kuliko jana, nikidhani naitengeneza. Mbele utaona kuwa ndipo nilipokuwa naiharibu.

Hali ilikwenda hivyo mpaka mwisho wa Mfungo Pili. Alfajiri moja nilikuwa nashuka ngazi kwenda msikitini, nikakutana mlangoni na yule mjukuu wa bibi. Amebeba ndoo ya maji kichwani, na shati lake limerowa mabegani.

Nikamuuliza, "Watoka wapi na maji saa hizi?"

Akasema, "Kisimani msikitini, Maalim."

"Na tangi je?"

"Siku ya nne halina kitu, Maalim. Toka Idi. Na bibi ataka kutawadha."

Hakulisema kwa kulalamika. Alinipisha kwa adabu, kisha akaingia ndani. Nami nilisali sala ile bila ya kujua imamu alisoma sura gani. Kwani juma lile lile chuoni nilikuwa nasomesha mlango wa kutawadha, na kijana yule amekaa mbele yangu, nami nimewaambia kuwa kupita kiasi katika maji ya udhu ni makuruhu.

Nilirudi nyumbani nikafanya hisabu ambayo ilinipasa kuifanya siku ya kwanza. Nilitwaa chombo cha lita moja, nikakiweka chini ya bilula, nikaitazama saa. Kilijaa kwa saa moja na robo. Basi kwa mchana na usiku ni lita 19 na kitu, karibu na mtungi mzima wa lita 20. Kwa siku nne ni lita 76 na zaidi, yaani mitungi mine kasoro kidogo; na hayo ndiyo maji yawatoshayo bibi na mjukuu wake kwa siku nzima. Basi siku ya nne ilikuwa yao, na bilula yangu ndiyo iliyoinywa. Kwa miezi miwili ile yamekwenda maji ya mitungi 56, na lau ningaliiacha mwaka mzima ingalikuwa mitungi 350.

Tena nikapima kwa kipimo kingine. Imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ndiyo wazee wetu waliyoilinganisha na kibaba, na kwa vipimo vya leo ni kama thuluthi mbili za lita. Basi kwa maji yaliyovuja kwangu kwa siku moja wangaliweza kutawadha watu watano kwa sala zote tano, na yangalisalia. Na kijana yatima ateka maji kisimani katika giza.

Sasa na tuje katika hukumu. Huenda mtu akasema: "Israfu ni kitendo. Mwenye kumwaga maji ndiye mwenye israfu. Mimi sikumwaga, bilula imevuja yenyewe." Nami nilijiambia hivyo hivyo. Jawabu ni kwamba mwanzo wa kuvuja si wako, wala huulizwi. Lakini tangu siku uliyojua, na ukaweza kuzuia usizuie, kuacha kwako kumekuwa ndicho kitendo chako. Wanazuoni wamezungumza juu ya mtu ambaye ukuta wake umeinama kuelekea njiani. Mahanafi wamesema kuwa akionywa, naye ana nafasi ya kuuondoa, asiuondoe hatta ukaanguka ukaharibu mali ya mtu, hulipa. Na ijapokuwa wanazuoni wetu wa Kishafi wametafautiana nao katika malipo, hapana katika wao aliyemsifu mwenye kuonywa akalala. Mimi nilionywa mara mbili kwa maneno, na mara ya tatu kwa ndoo.

Na katika kupita kiasi, imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alimpitia Saad naye atawadha, akamkataza israfu, Saad akastaajabu kuwa katika udhu pia mna israfu, naye Mtume akamjulisha kuwa imo, hatta kama mtu yu juu ya mto upitao. Baadhi ya wataalamu wamesema isnadi ya Hadithi hii ina udhaifu, lakini maana yake yaafikiana na yaliyomo katika Qurani ya kuwakataza wafujaji na kuwafananisha na ndugu wa mashetani. Zingatia, ndugu yangu: ikiwa mtu alaumiwa juu ya mto uendao, na katika ibada, itakuwaje kwa asiyekuwa na mto, wala hayumo katika ibada, bali amelala?

Nasi watu wa Mombasa hatuna mto. Maji yetu hutoka mbali. Mengine hutoka chemchemi za Mzima katika nchi ya Tsavo, yakaja kwa mabomba mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mengine hutoka Marere katika Milima ya Shimba. Na mengine visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Tone litokalo katika bilula yako limesafiri safari ambayo wewe hungaliisafiri kwa miguu. Ni ukosefu wa shukrani kulipokea mlangoni kisha kuliachia shimo la maji machafu.

Lakini israfu ni haki ya Mwenyezi Mungu, naye ni Mwenye kusamehe. Lililonitia khofu zaidi ni haki ya jirani. Mtume (S.A.W.) ametuarifu kuwa Jibrili hakuacha kumuusia juu ya jirani hatta akadhani kuwa atamfanya mrithi. Na haki za watu hazifutiki kwa istighfari peke yake. Hutaka radhi ya mwenyewe. Basi nilishuka kwa bibi asubuhi ile ile.

Nikambisha hodi, nikamwamkia, nikamwambia, "Bibi, nimekuja kutaka radhi. Maji yanayowapungukia siku ya nne ni mimi ninayeyapoteza. Bilula yangu yavuja toka Idi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani una wageni. Nikasema, mwenye wageni haulizwi maji."

Ndugu yangu, lau angalinilaumu ingalikuwa nyepesi zaidi. Miezi miwili alikuwa akinidhania kheri kwa jambo ambalo kwangu halikuwa na kheri yoyote. Alinisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini kusamehewa hakuzibi bilula.

Hapa ndipo lilipokuja swali la pili, la mkono. Kwa nini sikuitengeneza? Sikuwa na ujuzi, ni kweli, lakini sikuutafuta. Sikuwa na nafasi. Lakini jioni nilikuwa barazani. Nilipoichunguza nafsi yangu nikaona kuwa chini ya udhuru zote hizo pana kitu kimoja: niliona kuwa kazi ile si ya mtu kama mimi. Mwalimu, mwenye kanzu na kofia, kuinama chini ya karai na spana mkononi, watu wangaonaje?

Na fikira hii sikuizua mimi. Ni urithi wetu wengi watu wa pwani. Palikuwa na zama ambapo kazi ya mikono katika miji yetu ilifanywa na watumwa, na uungwana ukapimwa kwa kutoshika kitu. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Sheria iliwatoa watu katika milki, lakini haikuitoa dharau katika vifua. Kulla mmoja wetu aonaye aibu kushika jembe, au sindano, au spana, na aangalie aibu ile ameirithi kwa nani. Hakuirithi kwa Mitume.

Kwani Nabii Nuhu alijenga jahazi kwa mkono wake, na watu wake wakampitia wakamcheka. Nabii Daudi alifundishwa kutengeneza deraya za chuma, naye alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake, na hali ni mfalme. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) hufanya nini akiwa nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka akaenda kusali. Na katika mapokezi mengine ni kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi ikiwa mkono ule uliobarikiwa uliitengeneza ndara, ni mkono wa nani ulio mtukufu hatta usitengeneze bilula?

Siku ile baada ya chuo nilikwenda duka la vifaa nikamuuliza mwenye duka, naye alinieleza kazi yenyewe kwa maneno machache. Nami nayaandika hapa ili usipate udhuru nilioupata mimi.

Kwanza, funga koki ya maji yatokayo tangini. Kisha ifungue bilula ivujayo mpaka maji yaliyosalia katika bomba yaishe. Mimi nililisahau hili la pili, na kikoi changu kikarowa chote. Kisha izungushie kitambaa nati kubwa ya shaba, usiikwaruze, uilegeze kwa spana na kukitoa kichwa cha bilula. Chini ya kichwa utaona kijisahani cha mpira kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ambacho mafundi hukiita washa. Hicho ndicho kikalacho juu ya kitako cha shaba na kuyazuia maji. Kikichakaa, maji hupita. Kitoe, kichukue kama kilivyo uende nacho dukani, upewe cha kadiri ile ile. Thamani yake ni kama kahawa ya barazani. Kipanguse kitako, utie washa mpya, urejeshe kichwa, uikaze nati kwa kiasi, ndipo uifungue koki polepole.

Mara ya kwanza niliporejesha ilivuja vile vile. Nikafungua tena, nikaona punje ya mchanga juu ya kitako. Nilipoipangusa, kuvuja kulikoma. Kazi yote, pamoja na makosa yangu, haikufika saa moja. Miezi miwili ya maji ilikuwa yangojea saa moja.

Yule kijana alikuja akanishikia taa. Nilimpa washa ya zamani aitazame. Ilikuwa imekatika katikati kwa duara, kama iliyopigwa muhuri. Akaigeuza geuza mkononi, akasema, "Kumbe ni hiki tu, Maalim?" Sikuwa na la kumjibu. Na ile duara iliyokatika ilikuwa kazi ya mkono wangu, kwani kulla nilipoikaza bilula kwa nguvu nilikuwa naukandamiza mpira juu ya shaba na kuukata. Ndivyo ilivyo kwa mtu atakaye kuondoa aibu bila ya kuondoa sababu: huongeza nguvu, na nguvu zikaongeza uharibifu.

Yasalia mambo matatu ambayo huenda yakaulizwa.

La kwanza, mtu atasema: "Ukitengeneza mwenyewe wamnyima fundi riziki yake." Jawabu: riziki ya fundi haiko katika uzembe wangu. Na katika miezi miwili ile fundi hakupata kwangu hatta senti moja, kwani sikumwita. Huruma yangu kwake ilinijia siku niliyotafuta udhuru. Mwenye kutaka kumpa fundi kazi na amwite leo, amlipe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka, naye amekwisha tekeleza wajibu wake. Sisemi kuwa ni faradhi mkono uwe wako. Nasema ni wajibu maji yazuiwe, na ulio karibu zaidi ni mkono wako.

La pili, kulla kazi ina mpaka wake. Kitako cha shaba kikiwa kimeliwa, washa mpya haitafaa. Na ziko bilula za siku hizi zisizo na mpira kama huu, bali ndani mna visahani viwili vigumu visuguanavyo. Hizo hutolewa kipande kizima. Bomba lililo ndani ya ukuta usilijaribu bila ya ujuzi, kwani sharia yetu imekataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Na ikiwa nyumba si yako, mtake idhini mwenye nyumba. Lakini hatta asiyejua kitu chochote aweza kuifunga koki usiku wakati wa kulala. Hilo halihitaji fundi wala idhini, nami hatta hilo sikulifanya.

La tatu, ni bilula za msikitini. Ya nyumbani ina mwenyewe. Ya msikitini ni yetu sote, na kwa sababu hiyo haina mtu. Watu mia watatawadha hapo, kulla mmoja ataliona tone, na kulla mmoja atasema msimamizi yupo. Imamu Ghazali katika Ihya amezihisabu kazi za mikono ambazo maisha ya watu hayasimami illa kwazo, kama kulima, na kufuma, na kushona, kuwa ni katika faradhi za kutosheleza. Akizisimamia mmoja yawatosha wote. Zikiachwa na wote, wote wataulizwa. Basi usitazame kulia na kushoto kumtafuta huyo mmoja. Mwambie msimamizi, umwombe ruhusa, uje na spana yako baada ya sala ya Alasiri.

Ndugu yangu, ukimaliza kuyasoma haya, ngojea watu wa nyumbani walale, kisha pita katika kulla bilula ya nyumba yako usikilize. Ukisikia tone, weka chombo, uitazame saa, upige hisabu kama nilivyopiga mimi. Kisha ujiulize ni nani aliye chini yako ambaye siku yake ya nne yaishia katika shimo lako, naye akudhania kuwa una wageni.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaacha na hali twayajua, na atujaalie mikono yetu iwe shahidi wetu siku itakaposemeshwa, wala isiwe shahidi juu yetu. Na taufiki ni yake.